Breki Mpya kwenye Harusi ya Fausta

Ukinikuta nimesimama mbele ya duka langu la spea za pikipiki pale Babati mjini, mtu akapita akasema, "Eli, ukumbi uko huku," halafu kijiwe kizima kikacheka mpaka muuza ndizi, usiniulize kuna nini, maana nitakujibu vibaya. Au basi kaa nikusimulie mwenyewe, aibu ni yangu na ninaijua vizuri, kuliko uisikie kwa wale wanaoongeza chumvi wakati ya kwangu inatosha.

Nina pikipiki ya matairi manne, zile za kutalii. Niliinunua ikiwa imechoka kutoka kambi moja ya watalii iliyokuwa inauza vitu vyake, na mimi naitumia kubebea majani ya ng'ombe na madumu ya maji kwetu Nangara, kwa hiyo chombo kilichozoea kupeleka watu kuangalia tembo sasa kinawapelekea ng'ombe chakula, na hakijawahi kunisumbua isipokuwa breki. Zilikuwa breki za dramu, zikiingia tope la masika zinabaki pambo tu.

Wakati huo nilikuwa nampenda Paskalina (bado nampenda, yuko jikoni hapo, anasikia), na barua ya posa nilishapeleka kwao Nakwa. Baba yake, mzee wa kutoka milima ya Mbulu asiyeongea sana, akasema mdogo hawezi kuolewa kabla ya dada yake, tumalize kwanza harusi ya Fausta, halafu tutakuangalia. Hilo "tutakuangalia" lilininyima usingizi. Nikajua mtihani wangu ni siku ya harusi ya Fausta, nikifeli hapo Paskalina ndiyo basi.

Ndiyo maana Ombeni, mpiga video, aliponiambia anataka kukaa kwenye keria ya mashine yangu akiwa ameangalia nyuma ili achukue msafara wote, nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Si mnajua utaratibu: mpiga video anatangulia, nyuma yake pikapu ya matarumbeta, halafu gari la maharusi, halafu ukoo mzima, na anakokwenda mpiga video ndiko wote wanakokwenda, hakuna anayeuliza. Baba Fausta, ndivyo tunavyomwita mzee, akaizunguka ile mashine mara moja, akauliza kitu kimoja tu. "Ina breki hiyo?"

Hapo ndipo shetani wa ufundi aliponipanda. Dukani nilikuwa na seti ya breki za disiki, sahani zake, kalipa za kuzibana, pedi, mipira ya mafuta, vyote vinang'aa, na mimi ni mtu ambaye mafundi wenyewe huja kuniuliza spea, sasa nitashindwa nini kufunga? Ijumaa nikajifungia uani nikafunga za mbele. Za nyuma, zile za dramu, nikazitoa nizisafishe tope, nikasema nitazirudisha Jumatatu. Ikabaki kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, kazi inayotaka watu wawili, mmoja anabana mkono wa breki na mwingine yuko chini anafungua nati ili hewa itoke. Sikumwita mtu (ukimwita mtu, kesho mtaani wanasema hukufunga mwenyewe, umefungiwa). Nikaubana mkono wa breki kwa kamba ya katani, nikaomba Mungu, nikalala. Asubuhi nikajaribu, mkono mgumu kama kuni, nikapiga mluzi.

Jumamosi kanisani nilimwamkia Baba Fausta mara mbili, kwa usalama. Nilivaa koti la suti la kuazima kwa shemeji yangu, mtu mrefu kweli, pindo linanifika mapajani. Tukatoka vizuri sana, matarumbeta yanalia, akina mama wanapiga vigelegele, watu wanatoka madukani kuangalia, na mimi nakwenda mwendo wa harusi, yaani wa konokono, breki nimeibana kidogo muda wote ili Ombeni asitikisike. Kumbe huko chini pedi zinachemka, mafuta yanachemka, na ile hewa niliyoiacha ndani inatanuka. Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba tulipoanza mteremko wa ukumbini nilibana breki na mkono ukaja mpaka kwenye usukani bila ubishi.

Geti la ukumbi hilo hapo, limepambwa maputo, kamati imejipanga na maua. Tukalipita.

Mtasema ningezima injini. Ninyi mmekaa kwenye viti. Mimi nilinyoosha mkono kuwapungia walio nyuma wasimame, dereva wa matarumbeta akaona nachangamsha harusi, akaongeza mwendo, na lile tarumbeta kubwa likanguruma zaidi. Nikamwambia Ombeni, "Breki hakuna."

Yeye jicho liko kwenye kamera. "Poa sana kaka, hivyo hivyo, bibi harusi anatokea vizuri."

"Ombeni, ukumbi tumeupita."

Akageuka. Sijawahi kuona mtu anashuka haraka vile, kamera ameiinua juu kama anavuka mto na mtoto, akatua kwenye majani, mzima.

Nikabaki mimi. Mbele kwenye kona akina mama wamekaa na ndoo zao za nyanya, nikakata kulia, nikapasua uzio wa mabua ya alizeti, nikaingia uani kwa watu na kusimama katikati ya lundo la mabua ya mahindi, nikitazamana na ng'ombe mwenye chakula chake. Kumbe ua una hema, viti vya plastiki, na binti wa gauni jeupe, wanasherehekea kipaimara. Kabla sijatema majani, pikapu ya matarumbeta ikaingia inapiga, kwa njia niliyoitoboa mimi, gari la maharusi likafuata, ukoo wote ukafuata. MC wa pale alikuwa anaijua kazi yake. "Tunawapokea wageni wetu rasmi, makofi tafadhali." Makofi yakapigwa, na mama mwenye nyumba, bila kuuliza mtu jina, akaanza kuongeza sahani.

Baba Fausta akashuka, akaja polepole mpaka kwenye lundo. Kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii ni ya tatu leo." Akainama kuangalia disiki, zinatoa moshi. "Breki mpya hizo?"

"Ndiyo, baba."

"Amefunga nani?"

"Mimi, baba."

Akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono, maana pilau ilishapakuliwa.

Nikajua nimemkosa Paskalina. Nilikaa nyuma ya ng'ombe nakula pilau ya watu huku machozi yananilenga, na pale mbele Fausta na mumewe wanacheza na yule binti wa kipaimara, na kusema kweli sherehe ilichangamka kuliko kamati ilivyopanga. Tuliporudi ukumbini (mimi kwa miguu), wale wenyeji nao wakaja nyuma yetu wote, ikabidi viti viongezwe.

Baba Fausta akapewa kipaza sauti. Akamaliza ya Fausta, akanitafuta kwa macho.

"Kuna kijana ametuletea barua. Leo nilikuwa nyuma yake, nikamwangalia. Mpiga video aliruka. Na yeye angeweza kuruka, akaiacha mashine iwaendee wale mama wa nyanya. Hakuruka. Ufundi hana, lakini hakuruka. Barua yake tumeikubali. Ila siku yake atakwenda kwa miguu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, Paskalina akajifunika uso kwa kitenge, na mimi nilisimama kushukuru nikiwa na furaha ambayo sina pa kuiweka, huku mgongoni koti la shemeji halina pindo. Maana ukweli ambao mkwe wangu hajausikia mpaka leo ni kwamba nilijaribu kuruka, tena mara mbili, koti lilikuwa limenasa kwenye keria.

Breki sitagusa tena peke yangu, nimeapa. Hata zile za disiki tulikuja kuzitoa hewa mimi na mzee, yeye anabana mkono, mimi niko chini na nati, na hakuna aliyesema nimefungiwa. Na siku yetu tulikwenda kwa miguu kweli, mimi na Paskalina mbele, matarumbeta nyuma, jua kali, viatu vinabana, mji unatusindikiza kwa kicheko. Tulipofika kwenye geti la ukumbi ule ule, tukamkuta Baba Fausta katikati ya barabara. Akanyoosha mkono mbele ya kifua changu.

"Simama."

Nikasimama.