Unyayo wa Tano

Jamani, sikilizeni.

Leo rafiki yangu Ifrah, yule msanii, amefungua maonyesho yake hapa Garissa. Ni nyayo za wanawake kumi, tulizikanyaga kwenye udongo mbichi ukakauka. Hakuna majina. Wangu ni wa tano.

Mama yake akaja kutoka Balambala. Huyu mama amezeeka akifuata nyayo za ngamia waliopotea.

Akaanza kusoma udongo kama gazeti!

"Huyu goti inamuuma."

Mwenye goti akapiga kelele. Tukacheka mpaka machozi.

Akafika wa tano. Akainama.

"Huyu iko na mtoto kwa tumbo. Ona kisigino."

Kicheko kikanikauka. Udongo ule niliukanyaga miezi mitano iliyopita.

Akainuka, akaangalia miguu yetu, mmoja mmoja, hadi yangu. Kisha akaangalia tumbo langu. Halina kitu.

Akanishika mkono. "Pole, abaayo, dada yangu." Polepole, nisikie mimi tu.

Zaidi ya mume wangu, hakuna aliyejua. Wala Ifrah. Wala mama yangu mzazi, mpaka nilipompigia sasa hivi.

Basi na nyinyi mmejua.

Msiniandikie pole hapa chini. Niambieni tu, miezi hii yote mlikuwa mnaangalia wapi?