Kupanda Bombo Kutafuta Maharage Mabichi

Nilipanda Bombo, juu milimani Upare, kwa ajili ya sufuria moja. Bi Mwanaidi, mwenye banda la chakula karibu na stendi ya Same, aliniambia, "Nipikie makande Ijumaa. Nikiyapenda, banda nakukodisha wewe. Nisipoyapenda, anaingia kijana wa chipsi." Siku zile masharti ya biashara yalikuwa yameanza kulegezwa, kila mtu anatafuta pa kuweka jiko. Mimi shamba la mkonge lilikuwa limenitoa kazini, nina watoto wanne na mwiko.

Miaka kumi na minne niliwapikia manamba, vibarua wa mkonge, maharage ya stoo. Mtunza stoo, Elinaza, mapya aliyatoa mlango wa nyuma, sisi akatuachia yenye wadudu. Msimamizi Kihara alijua, maana walikuwa wakigawana. Nawataja kwa sababu wapo hai, na kanisani wanakaa benchi la mbele.

Safari hii nilitaka maharage mabichi, ya Bombo; Jumanne asubuhi nikadandia lori la chumvi. Kushoto nyika imekauka, kulia milima imejifunika wingu. Mchana nikashuka Maore, nikanywa maji, nikaanza kupanda kwa miguu na mfuko wangu wa magadi begani. Huko juu magadi hayapatikani, nikajua sitakosa cha kubadilishana.

Jioni nikafika kwa shangazi Nakiete, dada wa marehemu baba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda hivi, ulikuwa unawapikia watu au wao ndio walikuwa wanakupika?"

Jumatano tukaenda gulioni. Masika yalikuwa yameisha, na akina mama wamepanga maharage mabichi mafungu mafungu juu ya majani ya mgomba. Nikauliza bei. Shangazi akanifinya.

"Kwanza uliza yamechumwa lini. Bei haikimbii."

"Jana jioni, baba," akajibu mama mwenye fungu, akavunja ganda mbele yangu, likalia. Nikampimia magadi, akanijazia kikapu, na mahindi mabichi juu. "Ongeza kidogo," akasema, "sura yako ni ya mtu wa kuongeza." Nikaongeza.

Mchana ule nikataka kumwonyesha shangazi kwamba mtoto wa kaka yake ni mpishi. Nikapukuchua mahindi, nikabandika, nikatia maharage, nikatia na magadi kama nilivyotia siku zote. Nilipofunua, sufuria imekuwa uji rangi ya matope, inanuka sabuni. Kikapu kizima.

Shangazi akachungulia, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Magadi ni ya maharage wazee, ya kuwalainisha mifupa. Hawa ni watoto wachanga! Unawapiga kwa kosa gani?"

Nikakaa kwenye kigoda, sikucheka. Nilikuwa naiona Ijumaa, namwona kijana wa chipsi akifagia banda. Na uchungu zaidi, niliona hata mikono yangu imefundwa na maharage ya Elinaza. Nimezeeka jikoni sijawahi kupika haragwe jipya.

Shangazi alikula ule uji, akalamba na kidole. Kisha akachukua kikapu, akaingia shambani kwake mwenyewe.

"Haya ya kwangu," akasema aliporudi na maharage na mahindi. "Chumvi, moto mdogo, usikoroge ovyo. Na magadi uniachie mimi, usije ukajaribiwa njiani."

Alhamisi nikateremka. Ijumaa asubuhi nikabandika pale pale bandani. Mara mbili mkono wangu ulipapasa mfuko usiokuwepo.

Bi Mwanaidi akaja na sahani yake. Akaonja, akanitazama.

"Mpare, ubahili huo! Umebana mpaka magadi?"

"Hayahitaji, Bi. Yamechumwa juzi."

Akamaliza sahani. Akapakua tena. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Na msimu wa haya ukiisha, wateja utawalisha nini?"

Zamani ningemjibu maharage ya stoo. "Sijui bado," nikasema. "Nitawauliza wa gulioni wana nini."

Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. "Sufuria zangu usiziunguze."

Wanangu walikuja mchana, wakagombea ukoko. Nilichokitoa Bombo ndicho hiki: sipangi tena chakula nikiwa nimelala kitandani. Naenda kwanza sokoni, namwuliza mama mwenye fungu amechuma lini, na akishanijibu, ndipo najua siku ile napika nini.