Hodi Tatu Kabla ya Moto

Kazi yetu ilikuwa kuuchoma msitu kabla watu hawajauchoma vibaya. Kiongozi wetu alikuwa akiwaeleza hivyo wageni kutoka Kibiti, wageni wakacheka, yeye asicheke. Mvua za masika zikishapita, nyasi zimekauka vichwani lakini miguuni bado zina ubichi, kijiji chetu huchukua vibarua wa msimu. Tunafyeka, kisha tunaparua majani makavu mpaka udongo uonekane, ukanda wa hatua sita kuzunguka kipande kimoja cha msitu, isipokuwa penye shamba, ambapo mwenye shamba huparua mwenyewe. Huo tunauita barabara ya moto. Halafu alasiri moja upepo ukiwa mdogo tunawasha, moto ukiupinga upepo, uende taratibu kama mtu mwenye mguu mbovu, na umande uje kuumalizia. Tusipofanya hivyo, mwezi wa kumi mrina asali mmoja ataangusha kijinga chake cha moto, na moto huo hakuna wa kuushika. Utakwenda na mizinga, mikorosho na kila kitu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, kiongozi alinipa daftari. Mbali na kufyeka, nikawa mjumbe. Siku tatu kabla ya kuwasha, mjumbe anapita nyumba za wote wenye mashamba yanayopakana na kipande kinachochomwa, ili waparue mipaka yao na waondoe kinachoungua. Na kuna namna yake. Humwachii mtoto ujumbe. Hupigi simu, maana nusu ya watu wanashinda mashambani kusiko na mtandao. Unabisha hodi, unamwambia mtu mzima kwa mdomo wako, naye lazima akujibu, "Nimesikia." Akishajibu ndipo unaweka alama ya vema mbele ya jina lake.

Kazi ya mdomo, na mimi mdomo sina. Shuleni mwalimu alipokuwa akiita majina, niliitikia moyoni, nikaandikwa mtoro huku nimekaa dawati la mbele.

"Ndengereko gani huyu, anaongea kama anaiba?" kiongozi alinitania siku ya kwanza. Yeye Mmatumbi, sisi watani wake. "Utawaambia watu au utawanong'oneza?"

"Nitawaambia," nilisema.

"Enhe? Umesema nini?"

Wenzangu walicheka mpaka wakaweka mapanga chini.

Nyumba zote nilizimaliza vizuri isipokuwa moja. Ilikuwa ya bibi mmoja mjane, nyumba ya mwisho kwenye njia ya kutokea Nyamwage, na shamba lake la ufuta, huko bondeni, liligusana na msitu. Mbele ya nyumba ya jirani walikaa vijana wanne wanatengeneza pikipiki. Waliponiona na daftari na viatu vyangu vya mpira wakaanza.

"We dada wa moto, sisi hutuunguzi?"

"Mwache, huyo anawaka kwa ndani!"

Nilisimama mlangoni kwa bibi damu imenipanda usoni. Nikasema hodi. Ilitoka kama pumzi. Nikasema ya pili, nayo ndogo kuliko ya kwanza. Ya tatu sina hakika kama niliisema au niliifikiria tu. Tumefundishwa tangu madrasa kwamba ukibisha mara tatu usiitikiwe, unarudi ulikotoka, wala huna kosa. Basi nikarudi.

Niliyoyaficha siku zile ni haya: uani kulikuwa na mchi unatwanga. Niliusikia. Du, du, du, mtu yuko nyumbani na mimi najua yuko. Ningezunguka nyuma hatua ishirini tu, lakini njia ya kuzunguka ilipita katikati ya wale vijana. Nikajiambia, tatu ni tatu. Kesho nitapita. Nikaweka alama ya vema palepale nikitembea, kalamu ikachana karatasi kidogo. Kesho yake tulishinda tunaparua upande wa pili mpaka magharibi, na kesho kutwa nikasahau, au nilijifanya nimesahau.

Siku ya kuwasha, kiongozi alikuwa ametoka kuugua homa. Kwa kawaida huzunguka mipaka yote kwa miguu, safari hii akaniita.

"Mjukuu wangu, upande wa bondeni wote wamesikia?"

Ilikuwa nafasi yangu. Watu walikuwa wamesimama na mabomba ya maji mgongoni, yale yale ya kupulizia mikorosho, wananitazama.

"Wote," nikasema. Hiyo ilisikika vizuri.

Basi mabomba yakapelekwa upande wa juu, bondeni akabaki mtu mmoja na matawi mabichi. Moto ukawashwa saa kumi. Ulikwenda kama tulivyotaka, magotini tu, unatafuna majani na kuacha miti. Hata nilianza kufurahi. Kisha upepo ukageuka, si mkali, wa kawaida tu, na moshi uliokuwa mweupe bondeni ukawa mweusi na mzito. Ikaja harufu ya kashata za ufuta zinazopikwa sikukuu. Wenzangu waliinua pua wasielewe. Mimi nilielewa kabla ya wote.

Nilikimbia mpaka bomba likanichubua mabega. Ufuta wa yule bibi ulikuwa umeshakatwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke, yameegemeana kama watu wanaonong'ona. Mpaka wa shamba haukuparuliwa hata kidogo, nyasi zimetoka msituni mpaka kwenye mashina. Kwa nini ziparuliwe? Nani alimwambia? Mafungu yalikuwa yanalipuka moja baada ya jingine, mbegu zinadatadata. Katikati yake alikuwa yeye mwenyewe, kanga imemwanguka mabegani, anayakumbatia mafungu yanayowaka kwa mikono mitupu na kuyavuta nje.

"Bibi toka! Bibi!" Nilipiga kelele. Sauti ilikuwapo, kumbe, siku zote ilikuwapo.

Tuliokoa dungu lake la kulindia ngedere na mafungu machache. Viganja vyake vilikuwa vimevuliwa ngozi. Alikaa chini, akatazama jivu, akauliza mara moja tu: "Jamani, si mngeniambia?"

Kijijini kwetu kuna sheria isiyoandikwa popote. Aliyeunguliwa bila kuambiwa, wachomaji wanamlipa, kila mmoja ndoo ya ufuta kutoka nyumbani kwake. Aliyeambiwa akapuuza, anapewa pole. Kwa hiyo kwenye mkutano kila kitu kilirudi kwenye daftari langu. Mwenyekiti wa kijiji alilifungua, akaweka kidole.

"Bibi, alama hii hapa."

"Mimi kusoma sijui, mwanangu. Najua kusikia. Na sikusikia."

"Masikio nayo yana umri!" mtu akadakia nyuma, watu wakacheka kidogo.

Bibi aliinua mkono uliofungwa kitambaa, akagusa sikio lake. Akafikiri. "Huenda," akasema.

Neno hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo. Nilifungua mdomo. Niliwaona wenzangu kwenye mkeka, wenye watoto, ambao ufuta wao wenyewe haujai gunia. Niliwafikiria wakibeba ndoo kwa sababu yangu. Nikaufunga mdomo. Dua ikasomwa, watu wakakung'uta nguo. Bibi akaondoka akiwa mzembe na kiziwi, vyote nilivyompa mimi.

Nyumbani sikula siku mbili. Mama alidhani ni moshi. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda. Vijana wa pikipiki walikuwapo. Nikapita katikati yao mpaka uani, nikabisha hodi mpaka kuku wakatawanyika.

"Karibu! Nani huyo anabomoa nyumba?"

"Mimi. Ndimi niliyetumwa kukuambia habari ya moto. Sikukuambia."

Nilimweleza yote, hata mchi. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Kinu kilikuwa pembeni yake, mtu wa kutwanga hakuna.

"Hiyo hodi uliyopiga siku ile," akasema, "ipige niisikie."

"Bibi..."

"Ipige!"

Nikaipiga vilevile. Alitega sikio, akatikisa kichwa taratibu.

"Na mimi najilaumu usiku kucha kwamba masikio yamekufa." Akainuka. Kanga ilimshinda kuifunga kwa mikono ile, akanisogelea niifunge mimi. "Twende ukawaambie."

Niliwaambia mwenyekiti na kiongozi, wenzangu wakaitwa wakasikia. Kiongozi hakunitania. Alifuta ile alama kwa kalamu yake, akanyoosha mkono nimrudishie daftari, halafu bomba. Ndoo zililetwa wiki ile. Mwenzangu mmoja, tuliyekuwa tukigawana mihogo kila mchana, alimwaga ya kwao bila kunitazama. "Aibu yako imekula mbegu za mama yangu," akasema. Ni kweli. Ya kwetu mama aliipima mwenyewe, akaibeba mwenyewe.

Sasa msimu unaendelea na mimi simo. Mchana nauona moshi wao mweupe upande wa Mahege, na moyo unaniuma. Viganja vya bibi vimeota ngozi nyembamba, vidole viwili havikunjiki, daktari hakusema kama vitakunjika. Kila asubuhi nakwenda kumtwangia. Siku nyingine nikifika mlangoni sauti inazama tena, hodi inatoka kama pumzi. Namsikia yuko ndani, anakohoa, anasogeza kigoda. Anajua ni mimi. Ananyamaza, haitikii, na mimi nasimama pale nje mpaka niipige ya kusikika.