Redio Iliyokunywa Mursik

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kemia katika shule moja karibu na Merigi. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mkulima wa chai, mwimbaji wa kwaya. Kwaya yao ilikuwa imerekodiwa Nairobi, na wimbo ungetoka redioni Jumapili saa nane mchana. Ubeti wa tatu alikuwa ameuimba yeye peke yake.

Shida ilikuwa mke wa shemeji yake, jirani wa ng'ambo ya ua, naye mwanakwaya. Huyu alieneza kwenye kituo cha kupimia majani kwamba watu wa redio wameukata ubeti huo.

"Walisikia hiyo sauti wakafikiri ni ng'ombe anazaa," alisema, na watu wakacheka mpaka karani akasahau kusoma mizani.

Mama mwenye nyumba akaapa: Jumapili wote waje kwake wasikie wenyewe. Alisahau kwamba redio yake haikuwa na betri. Mvua ilikuwa imekata barabara wiki nzima, na duka la Merigi lilibaki na viberiti na sabuni tu. Alianika betri kuukuu juani, akazichemsha, akaziuma moja moja. Hazikuamka.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimesoma. Shuleni palikuwa na jarida la sayansi lililosema wataalamu wamepata mirija ya kaboni, myembamba mara maelfu kuliko unywele, na kwamba ukiitibu kwa asidi, umeme huishika kama kupe anavyoshika ng'ombe. Hapo ndipo betri za kesho zingetoka. Mirija sikuwa nayo. Kaboni ilikuwa jikoni.

"Unataka makaa gani, mwalimu?"

"Yoyote, mama."

"Yoyote!" Alinitazama kama mtu aliyetema mate kanisani. "Mimi nasugua kibuyu na makaa ya mti wa senetwet, na maziwa inakaa mwezi mzima. Kitu inaweka maziwa mwezi mzima itashindwa kuweka stima siku moja?"

Nilisaga makaa ya mti wake, nikayaloweka katika maji ya ndimu, nikayagawa kwenye mikebe sita. Kila mkebe nilitia maji ya chumvi, kipande cha sufuria kuukuu kilichofungwa kitambaa, na kile kijiti cheusi cha katikati ya betri iliyokufa. Nikaunganisha nyaya. Redio ilikoroma kidogo, ikanyamaza.

Jumamosi nilienda kusahihisha mitihani. Niliporudi mikebe ilikuwa imejaa uji wa kijivu unaonuka maziwa ya mgando.

"Mama, umetia nini?"

"Mursik. Wewe umepea makaa ndimu tu, umeyaacha na njaa. Nani anasugua kibuyu halafu asitie maziwa?"

Nikaunganisha nyaya kwa hasira, ili ajionee. Redio ikatangaza bei ya mahindi, wazi kabisa. Mama hakuringa. Aliniuliza tu kama chuo kikuu nilisoma miaka mitatu au minne.

Jumapili sebule ilifurika. Mke wa shemeji alikalia kiti cha mbele na kofia yake ya sikukuu. Baba mkwe wao alibaki nje barazani na wazee wenzake. Redio ilikuwa mezani, nyaya zikipita chini ya pazia hadi jikoni, kwa sababu mama hakutaka watu waone redio ikinywa maziwa. Mimi na yeye tulisimama nyuma ya pazia hilo.

Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri, ukiacha mikwaruzo kidogo. Ubeti wa pili ukielekea kwisha niligeuka kutazama mikebe. Paka wa mama alikuwa amemaliza minne, masharubu meusi tii, na alikuwa anaonja wa tano. Redio ikakata.

Mama hakusita. Alimkamata paka shingoni, akavuta pumzi, akaimba ubeti wa tatu mwanzo hadi mwisho. Kiitikio kilipofika alinifinya, nami nikaitika peke yangu kwa niaba ya kwaya nzima.

Sauti ya baba mkwe ikatoka barazani: "Hiyo ya mwisho ndiyo imetoka safi. Zile za kwanza zilikuwa na mikwaruzo."

Mke wa shemeji alitazama redio, akatazama pazia, akarudi kwa redio. "Na mbona inanuka maziwa?"

"Ni Nairobi hiyo," mama alisema, akitokea na birika. "Hata wao siku hizi wanakunywa mursik. Dada, shika chai."

Likizo ilipofika nilienda kwetu, na siku moja nikasikia kipindi kile kikirudiwa. Ubeti wa pili uliisha, likaingia tangazo la sabuni. Niliketi pale, kidole kwenye swichi, nikingoja. Wimbo haukurudi.

Niliporudi Merigi mama alinipokea langoni kabla sijashusha begi.

"Watu wanasema wamerudia wimbo. Ulisikia yangu?"

"Nilisikia ubeti wa kwanza na wa pili, mama," nilisema. "Halafu betri zikaisha."

Alinihurumia kwa dhati, akanipokea begi.

"Pole, mwalimu. Ulizipa ndimu tena?"