Kilo Sita za Kimeli

Miaka hupita juu ya vilima vya Roret bila kishindo: michai hupogolewa, huchipua, huchumwa, hupogolewa tena, na mikono inayoichuma hubadilika pasipo mtu kutambua. Katika mzunguko huo Kimeli alikuwa karani wa mizani kwa miaka thelathini na mmoja, akining'iniza magunia ya majani mabichi katika kituo cha kununulia chai, hata akastaafu na mgongo uliopinda upande wa kulia. Kisha saratani ikaingia mapafuni.

Dawa aliyopewa katika hospitali ya rufaa haikuwa ile inayoziua seli kwa sumu. Ilikuwa ya kuamsha kinga ya mwili wenyewe ili ipigane na saratani. Alitundikiwa dripu yake mara mbili. Muuguzi alimwagiza apimwe uzito kila siku ya tatu, maana alikuwa amekonda mno. Zahanati iko mbali. Basi akawa anaketi katika gunia lililofungwa kwenye ndoano ya mizani yake ya zamani, na jirani yake Okeyo, aliyekuja kutoka upande wa ziwa kuwa fundi wa kiwandani, akimsomea mshale.

Wiki moja baada ya dripu ya pili, mshale ulikuwa umepanda kilo sita.

"Karani, umenona kama fahali wa Krismasi," Okeyo akasema. "Punguza maziwa, utavunja mizani ya watu."

Elmina, mkewe, aliyekuwa akimnywesha mursik, maziwa ya kibuyu, asubuhi na jioni, alilia kwa furaha. Jumapili alisimama kanisani akatoa shukrani, na waumini wakapiga makofi. Kwa watu wa huko, mgonjwa anayenenepa amekwisha kupona.

Kimeli hakupiga makofi. Alikuwa amechoka kuliko alipokuwa amekonda. Kila alipoinuka kitini, dunia ilizunguka. Na tangu Ijumaa mkojo ulikuwa haba. Walipofika nyumbani alibonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki, halikufunga.

Ndipo akaikumbuka misimu ya mvua, wakulima walipoleta majani yanayochuruzika. Kazi yake ilikuwa kukung'uta gunia, kutia mkono hadi kiwiko, na kukata kilo za maji kabla ya kuandika. Walimnung'unikia, hata binamu zake. Jani lililolowa ni zito, lakini si jani zaidi.

Akamwita Okeyo. "Nipeleke hospitali."

"Mtu aliyenona hivi? Watanicheka langoni."

"Okeyo, haya ni maji. Nimeyakata miaka yote ile, nayajua."

Elmina alisimama mlangoni, kibuyu mkononi. "Baba Joan, usikufuru. Tumeshukuru leo asubuhi mbele ya watu."

"Mama Joan, niletee koti."

Okeyo akaacha mzaha, akaleta pikapu yake.

Daktari, Christabel, alipima presha mara mbili, kana kwamba hakuiamini ya kwanza. Kisha akaeleza polepole: kinga iliyoamshwa huweza, mara chache, kuudhuru mwili wenyewe. Kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, na maji ya damu yakavujia nyamani. Kwa nje mtu huvimba. Ndani ya mishipa damu hupungua, presha hushuka, figo hukauka.

"Mngengoja hadi kesho kutwa," akasema, asimalize.

Ile dawa ilisimamishwa. Akapewa nyingine ya kuituliza kinga, na dripu ya maji kwa uangalifu mkubwa. Siku ya tisa uvimbe ulikuwa umekwisha, na mizani ikasoma kilo mbili chini ya alivyokuwa kabla ya kuvimba. Saratani ingalipo, tiba ya kuchukua nafasi ya ile bado inatafutwa.

Elmina aliketi kando ya kitanda. "Kwa hiyo tulimshukuru Mungu kwa maji?"

"Shukrani haiozi," Kimeli akajibu, macho ameyafumba. "Iweke."

Mwenyezi Mungu, ajuaye kilichomo na kilichovuja katika kila mwili, amhifadhi Kimeli kwa siku alizomwekea. Ampe Elmina usingizi, amtunze binti yao Joan na wanawe, amkumbuke Okeyo na watu wa nyumba yake, na kila mkono uchumao vilimani humo aujalie pumziko. Amina.