Kundi la Damu Lililobadilika

Simu ya Sista ilinikuta nikifungua dirisha la chumba ninachokodi mtaani Majengo, juu ya duka la nguo. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ukungu umefunika mji. Sista alikuwa msimamizi wa wodi katika hospitali ndogo ya akina mama nje ya Nyeri, na programu waliyotunzia rekodi za wagonjwa niliiandika mimi.

"Fundi, niko na mama hapa anaenda kupasuliwa. Kompyuta yako inasema damu yake ni A. Yeye anakataa, anasema ni O."

"Labda amesahau, Sista."

"Asahau aje? Hata kadi ya kliniki imeandikwa O."

Nikamsihi asiiamini kompyuta.

"Damu tunapima upya, hiyo si shida. Mimi nataka kujua ni wangapi wengine." Akakata simu.

Nikawasha dibaga, chombo kinachokuwezesha kuisimamisha programu katikati ya kazi na kuipitia mstari kwa mstari, ukiona kila inachobeba. Nikaingiza nambari ya yule mama. Mstari wa kwanza, O. Wa pili, O. Nikaendelea kubonyeza. Kisha nikabonyeza kwa pupa, nikaona A. Nilikuwa nimepapita mahali penyewe. Ikabidi nianze upya.

Safari hii nilikwenda taratibu, nikisoma kila mstari kwa sauti. Uliogeuza herufi ni mstari niliojivunia sana: ule wa kuunganisha rekodi mbili za mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Ulilinganisha majina na tarehe ya kuzaliwa. Hapo walikuwepo wanawake wawili wa majina yale yale, wote wa kijiji cha Giakanja, mmoja damu yake O na mwingine A. Karani wa hospitali alikuwa ameandika mwaka tu wa kuzaliwa, ule ule kwa wote wawili, na mahali pasipo na tarehe, programu yangu ilijaza Januari mosi.

Baba zao ni ndugu, nilikuja kuambiwa baadaye, na wasichana wote wawili walipewa jina la nyanya yao. Mimi mwenyewe niko na binamu watatu wa jina langu. Nilipoandika mstari ule sikuwakumbuka hata mmoja.

Nikatafuta wengine waliounganishwa hivyo. Nikampigia Sista.

"Kuna jozi nne zingine."

Nikasikia mtoto akilia upande wa pili.

"Soma polepole, niandike."

Nilipofika jina la tatu akanikatiza. "Huyu tunamtarajia wiki hii." Kalamu yake ikaendelea.

"Na yule mama wa asubuhi?"

"Ametoka salama. Amezaa msichana. Damu ya mama ni O kweli, na hata hakuhitaji kuongezwa." Akavuta pumzi. "Sasa kuja. Daktari utamweleza wewe mwenyewe."

Nilienda na kompyuta kwapani. Kabla sijaketi, programu ilikuwa imezimwa na wauguzi wameanza kuandika kwenye daftari, na waliandika humo mwezi mzima, hadi nilipoufuta ule mstari na kuwatenganisha wanawake wale mmoja mmoja, kadi zao mkononi.

Daktari hakunifokea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nani aliikagua kazi yangu kabla hatujaiwasha.

"Hakuna," nikasema.