Makoti ya Bendi ya Chuo

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, na kwenye suala la koti sina unyenyekevu. Mwaka 2017, pale Bellevue, mtaa ninaoishi huku ugenini kusini, bwana harusi aliyevaa koti langu hata kukohoa alikohoa kwa heshima. Sifa hizo ndizo zilizoniponza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Binti yangu wa pekee alikuwa chuoni, na huko alipiga tromboni kwenye bendi ya wanafunzi. Walipiga swingi, jazi ya zamani ya kuchezea dansi, wapuliza vyombo wamejipanga safu kwa safu. Nyumbani nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Rafiki zake sikuwahi kumwona hata mmoja. Nilijua ananionea haya, na iliniuma. Basi siku aliyonijia na kusema amewaahidi wenzake kwamba mimi ndiye nitakayewashonea makoti ya dansi la chuo, nusura niruke.

Walikuja wote kumi na wawili chumbani kwangu ninakoshonea. Watoto wana adabu wale, sijapata kuona! Nikawapima kama ninavyopima maharusi: simama wima, mikono chini, tazama mbele. Nikakata kitambaa cha bluu, nikayabana makoti yakakaa mwilini sawasawa.

Jumamosi asubuhi nikawapelekea ukumbini wajaribu. Dansi lilikuwa saa tisa alasiri. Wa tarumbeta wakanyanyua mikono, nikasikia uzi unakatika. Tromboni nayo hupigwa kwa kusukuma bomba mbele mpaka mkono unyooke. Binti yangu akasukuma, koti likachanika kutoka kwapani mpaka ubavuni. Lo! Miaka thelathini kwenye cherehani, nimepima wapiga muziki kama watu wanaokwenda kupiga picha!

Alinitazama, machozi yakimlengalenga. Bora angenigombeza.

"Vueni yote," nikasema. "Eish, vueni, msinitazame hivyo!"

Kilichoniokoa ni kanzu. Kanzu ya kwetu huwekwa kipande kidogo cha kitambaa kwapani, ndiyo maana mtu anainua mikono atakavyo na isichanike. Koti nilikuwa sijawahi kuliwekea. Bluu ilikuwa imekwisha, imebaki bitana nyekundu tu. Tukapanda teksi mimi na binti yangu kurudi kwenye cherehani, makoti mapajani, na kila roboti, taa za barabarani za huku, tuliyofika ikawaka nyekundu. Nilizitukana zote.

Yeye akafumua, mimi nikashona, vipande ishirini na vinne. Sikumbuki kama tulikula. Tulipomaliza nikamwambia, "Waambie wenzako wasipunge mikono ovyo. Hiyo nyekundu ikionekana, nimeaibika."

Alasiri ukumbi ulijaa. Nimekulia kwenye taarabu, lakini siku ile nilivua kofia. Saksafoni zilianza chinichini, tarumbeta zikasimama zote kwa mpigo mmoja, na mpiga ngoma, kijana mwembamba hana nyama, akaushika ukumbi mzima mikononi mwake. Wanafunzi walizungushana, raba zikilia sakafuni. Muziki wa miaka ya mababu, na vijana wale wameubeba kama wao ndio walioutunga! Nami, masikini, macho yangu yalikuwa kwenye makwapa tu.

Zamu ya binti yangu ikafika. Akasimama peke yake, akasukuma bomba, mkono ukanyooka wote. Nikaacha kupumua. Uzi ukashika. Akasukuma tena na tena, tromboni ikacheka, ikalia, watu wakapiga kelele, na mimi nikapiga kuliko wote.

Mwisho mshereheshaji akamuuliza kwenye kipaza sauti makoti mazuri hayo yametoka duka gani. Binti yangu akaniangalia kule nyuma nilikojibanza.

"Ameyashona baba yangu," akasema, kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi ambao sijui kama watu watano walimwelewa. "Baba yangu yule pale."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu kabisa, makwapa mekundu nje, kila mtu aone. Mtoto hasikii huyu! Fundi mzima, nililia pale pale, na bitana iliyobaki mfukoni ndiyo niliyojifutia machozi.